Wanaofufua Swingi: Wezi au Waokoaji?

Naomba mnivumilie, kwa maana nina mengi ya kusema na mhariri amenipa kurasa chache tu.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Muhula wa kwanza, Alhamisi moja baada ya masomo, chama chetu kilikuwa na mdahalo. Hoja ilisema kwamba mambo ya kale hayana faida kwa kijana wa leo. Mdahalo ulipokwisha, mwalimu mlezi wa chama alifungua kompyuta yake akatuonyesha kipande cha filamu ya Kimarekani iitwayo Hellzapoppin', iliyotolewa mwaka wa 1941. Ni kipande cha dakika chache tu. Ndani yake mna vijana Weusi, wasichana kwa wavulana, waliovalishwa nguo za wapishi na za wafanyakazi wa nyumbani. Mara muziki unashika kasi, na vijana hao wanaanza kucheza. Jamani! Msichana anarushwa juu ya kichwa cha mwenzake, anapinduka hewani, anatua kwa miguu yake miwili na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Darasa lote lilinyamaza, na si mnajua darasa letu halinyamazi ovyo.

Kisha akatuonyesha kipande cha pili, cha siku hizi. Wachezaji walikuwa Wazungu na Waasia. Wavulana walivaa kofia za pama na suruali za mikanda ya mabegani, wasichana wakavaa marinda ya wakati wa nyanya zetu, na wote wakacheza densi ile ile. Hapo kelele zikaanza. "Wezi hao!" mmoja akapaza sauti. Mwingine akajibu, "Waache bwana, angalau wao wanakumbuka!" Kengele ikalia. Sisi wa shule ya kutwa tuliendelea kubishana njiani mpaka steji, na hata ndani ya matatu, hadi makanga akatuambia tushuke tukabishane nje.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza. Haya hapa ndiyo maoni yangu, na atakayepinga aniandikie toleo lijalo.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Swingi ni tawi la muziki wa jazi lililotamba Marekani katika miaka ya thelathini na mwanzo wa miaka ya arobaini ya karne iliyopita. Bendi ilikuwa kubwa, watu kumi na watatu, kumi na watano au zaidi, wakipiga tarumbeta, tromboni, saksafoni, piano, gitaa, besi na ngoma. Kundi la tarumbeta linauliza, kundi la saksafoni linajibu, kama vile mwimbishaji na waitikiaji katika ngoma zetu. Mapigo yake hayaanguki sawasawa kama buti za askari kwenye gwaride. Yanabembea, na hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe huko kwao. Muziki huu haukutungwa ili watu wakae vitini wakitikisa vichwa. Ulikuwa wa kucheza.

Na pa kucheza palikuwa Savoy. Ukumbi huu ulifunguliwa Machi 1926 katika barabara ya Lenox, mtaa wa Harlem, jijini New York. Harlem ndio uliokuwa mtaa maarufu wa watu Weusi. Ukumbi ulienea kutoka barabara ya 140 hadi ya 141, nao ulikuwa na majukwaa mawili, ili bendi moja ikipumzika nyingine ipokee na muziki usikatike. Lakini lililonigusa mimi si ukubwa wake. Wakati ule, katika sehemu nyingi za Marekani, Mweusi na Mzungu hawakuruhusiwa kukaa pamoja. Hata pale pale Harlem kulikuwa na Cotton Club, ambako wapigaji na wachezaji walikuwa Weusi lakini wateja walikuwa Wazungu. Hebu fikiria unapiga muziki katika nyumba ambayo mama yako mzazi angefukuzwa mlangoni! Savoy ilimpokea kila mtu. Pale swali lilikuwa moja tu: unajua kucheza au hujui?

Densi iliyokomaa humo iliitwa Lindy Hop. Husemwa kwamba jina hilo lilitokana na Charles Lindbergh, rubani aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka wa 1927. Mchezaji mmoja, Frankie Manning, aliyezaliwa mwaka wa 1914, ndiye anayesifiwa kwa kuanzisha mtindo wa kumrusha mwenzake hewani, katika shindano lililofanyika Savoy mwaka wa 1935. Likumbukeni jina hilo. Nitalirudia.

Bendi ya mwenyeji pale iliongozwa na Chick Webb, mpiga ngoma mfupi mwenye kibyongo, kwa sababu kifua kikuu kilikuwa kimemwingia katika uti wa mgongo tangu utotoni. Msimdharau. Tarehe 11 Mei 1937 alikuja Benny Goodman, Mzungu ambaye magazeti yalimwita Mfalme wa Swingi, kushindana naye. Maelfu ya watu walijaa ukumbini na maelfu wengine wakabaki barabarani wamekosa nafasi. Chick Webb alimshinda mfalme, na mpiga ngoma wa Goodman, Gene Krupa, akamwinamia kwa heshima. Lakini Goodman aliendelea kuitwa mfalme hadi leo, na hili ndilo ninaloshindwa kulielewa. Mfalme gani huyo ashindwaye halafu taji lisivuke kichwa? Tena vibao vingi vilivyompa Goodman sifa vilikuwa vimepangwa na Fletcher Henderson, mwanamuziki Mweusi ambaye bendi yake mwenyewe ilikuwa imekwama kifedha, ikambidi kumuuzia Goodman kazi yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Goodman huyo huyo alipanda jukwaani na Weusi kama Teddy Wilson na Lionel Hampton wakati ambapo viongozi wengine wa bendi za Wazungu waliogopa kufanya hivyo.

Basi wale waliopiga kelele za "wezi" darasani hawakukosea kabisa. Wizi ulikuwepo zamani, tena wakati muziki ungali moto.

Vita Vikuu vya Pili vilizima mambo. Wanamuziki waliandikwa jeshini, petroli na magurudumu yakatolewa kwa mgao, na mwaka wa 1944 serikali ikatoza kodi nzito kumbi zenye densi. Baada ya vita watu wakageukia waimbaji binafsi, kisha rokenroli. Savoy ilifungwa mwaka wa 1958, ikabomolewa ili zijengwe nyumba za kupangisha.

Na Frankie Manning je? Huyu aliyekuwa ametunga hatua za ile densi ya filamu tuliyoiona, aliyezunguka Ulaya na Australia akishangiliwa, alivunja kikundi chake katikati ya miaka ya hamsini akaenda kufanya kazi posta. Alikaa huko miaka thelathini hivi akishughulikia barua. Nimeifikiria picha hii mara nyingi. Watu wanakuja dirishani wakiwa na haraka zao, na anayewahudumia ni mtu aliyeirusha dunia hewani mwaka wa 1935.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kule Stockholm, Uswidi, kulikuwa na vijana walioziona filamu za zamani wakapagawa. Wangeweza kuzirudisha nyuma na kuzipeleka mbele mpaka waige kila hatua, wavae kofia za pama, wakajiita mabingwa. Nani angewauliza? Badala yake, mwaka wa 1984 walisafiri hadi New York kuwatafuta wenyewe. Walimpata Al Minns, mmoja wa wale waliocheza katika filamu ya 1941, wakampeleka Uswidi akawafundisha. Mwaka wa 1985 Al Minns akafariki dunia. Wangechelewa mwaka mmoja tu, wangekuta kaburi.

Mwaka wa 1986 vijana wawili wa California wakampigia simu Frankie Manning. Mwanzoni mzee hakutaka, maana hakujiona kuwa mwalimu. Wakamsihi, akakubali. Alikuwa na miaka 72. Mzee wa miaka 72 kwetu hapa hupewa kiti kivulini, lakini yeye alianza maisha mapya! Mwaka wa 1989 alikuwa miongoni mwa waliopata tuzo ya Tony kwa kutunga densi za onyesho la Black and Blue jijini New York. Alishughulikia pia densi katika filamu ya Malcolm X ya mwaka wa 1992. Alikwenda kila pembe ya dunia kufundisha, pamoja na kijiji kidogo cha Herräng huko Uswidi, ambako kambi ya densi hizi ilianza mwaka wa 1982. Alifariki tarehe 27 Aprili 2009, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 95. Mwenzake Norma Miller, ambaye naye yumo katika ile filamu, alifundisha na kusimulia habari za Savoy hadi uzeeni, akafariki mwaka wa 2019 akiwa na miaka 99.

Je, hao vijana wa Uswidi ni wezi? Mimi nasema la hasha. Mwizi hapigi hodi. Mwizi hamwombi mwenye nyumba atoke nje amwonyeshe jinsi kitu kinavyotumika, kisha amlipe na kumtaja jina kila aendako. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mwenyeji alipona kweli. Wamarekani wenyewe, Weusi na Weupe, walikuwa wamemwacha mzee posta.

Lakini msinipigie makofi bado, enyi wa upande wa waokoaji, kwa kuwa kuna mgeni wa namna nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya tisini swingi ilirudi Marekani kwa kishindo. Bendi kama Big Bad Voodoo Daddy na ile ya Brian Setzer zikasikika redioni. Kampuni ya nguo ya Gap ikatoa tangazo la televisheni mwaka wa 1998, vijana waliovaa suruali za kaki wakicheza na kurushana, na mara kila mtu akataka kujifunza densi hiyo. Kwa upigaji, siwezi kuwakosoa. Setzer analijua gitaa lake, na sioni ubaya wowote kwa mtu kupiga alichokipenda. Kinachonikera ni ile suti.

Suti yenyewe iliitwa zoot: koti refu linalokaribia magoti, mabega mapana, suruali pana kama gunia iliyobanwa kwenye vifundo vya miguu. Waliokuja baadaye waliivaa kwa mzaha na madaha. Mwaka wa 1997 bendi ya Cherry Poppin' Daddies ilitoa albamu iliyouzwa sana, na jina la albamu hiyo ni jina la ghasia za suti za zoot. Wangapi kati ya walioruka wakicheza wimbo huo walijua ghasia hizo zilikuwa nini? Juni 1943, jijini Los Angeles, mabaharia na wanajeshi walizunguka mitaani usiku baada ya usiku wakiwapiga vijana wenye asili ya Meksiko, na Weusi na Wafilipino pia, wakiwavua suti hizo hadharani na kuzichana. Eti suti zilikuwa zinapoteza kitambaa cha sufu wakati wa vita. Polisi waliwakamata waliopigwa! Vijana wa umri wetu waliachwa barabarani wakiwa nusu uchi kwa sababu ya vazi, na miaka hamsini na kitu baadaye vazi hilo likawa la kwendea sherehe. Huko ndiko ninakoita kufufua nguo na kumwacha mtu kaburini. Haikuchukua muda, miaka michache tu, fasheni ikapita na kampuni zikatafuta tangazo jingine.

Kuna wengine tena wanaochukua nyimbo za leo na kuzipiga kwa mtindo wa wakati ule, kama kikundi cha Postmodern Jukebox. Hao mimi huwacheka kwa furaha tu. Ni mchezo, na wenyewe wanajua ni mchezo.

Leo Lindy Hop huchezwa Stockholm, London, Seoul na kwingineko. Sina neno na hilo. Lakini katika kumbi nyingi kati ya hizo Mweusi ni wa kutafuta kwa tochi, na wachezaji wenyewe wamekiri hivyo. Baada ya George Floyd kuuawa Mei 2020, wengi wao walianza kuulizana waziwazi: tumeipenda densi, je, tumewapenda wenye densi? Swali zuri, ingawa lilikawia. Aliyelijibu vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni LaTasha Barnes, mchezaji Mweusi wa Marekani. Mwaka wa 2021 alitoa onyesho aliloliita The Jazz Continuum. Humo ameweka Lindy Hop bega kwa bega na hip-hop na densi za klabu za siku hizi, akawachanganya wachezaji wa huku na wa kule, mpaka unaona kwamba mti ni mmoja. Yeye hahitaji kuvaa kama watu wa mwaka wa 1935. Mwili wake unatosha.

Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye ndiye niliyebishana naye ndani ya ile matatu, ananiuliza: "Kwa hivyo unasema Mzungu asicheze?" Sijasema hivyo hata mara moja. Nasema acheze, lakini kabla ya muziki kuanza amtaje Frankie Manning kwa jina, na pesa anazotoza mlangoni, sehemu yake ifike Harlem. Ananiuliza tena, "Na sasa wale wazee wa Savoy wamekwisha, atapiga hodi kwa nani?" Hapo ndipo aliponibana, nakubali. Mwaka wa 2002 Manning na Norma Miller walizindua kibao cha kumbukumbu pale ukumbi uliposimama, lakini kibao hakifundishi hatua. Waliobaki ni waliofundishwa na wazee hao, pamoja na familia zao na mtaa wao. Mlango haujafungwa, ila umebaki wazi kidogo tu.

Sasa nigeuke nyumbani, na walimu wetu wanisamehe. Mwaka jana sisi wenyewe tulikwenda kwenye Tamasha la Muziki na ngoma ya kienyeji. Nilikuwa mstari wa pili. Tulivaa sisali kiunoni, leso kifuani, chokaa usoni, na njuga tuliazima. Hatua tulifunzwa kutoka kwa video ya shule nyingine iliyoshinda mwaka mwingine. Miezi miwili ya mazoezi, na hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwemo, aliyekwenda kumuuliza bibi mmoja anayeijua ngoma hiyo ilichezwa lini na kwa nini. Baada ya kushuka jukwaani mama mmoja mzee aliyekuja kumtazama mjukuu wake alituambia kwa upole kwamba ile ni ngoma ya matanga, na sisi tulikuwa tunatabasamu kama maharusi. Tulipata cheti. Bado kiko ukutani karibu na ofisi, na kila nikipita nainamisha kichwa. Kwa hivyo nilipomsikia mwenzetu akiwaita wale Wazungu wezi, nilijiuliza sisi tuitwe nani.

Na kuna jambo jingine. Pale steji, mbele ya duka la unga, kuna mzee fundi wa viatu. Nimempita miaka mitatu sasa, na mara mbili amenishonea soli. Majuzi mjomba wangu aliniambia kwamba mzee huyo alipiga gitaa katika bendi moja miaka ya sabini, mojawapo ya zile bendi zilizojiita Jazz ingawa zilipiga benga, kama Shirati Jazz na Victoria Jazz. Neno hilo la Marekani lilikuwa limefika hadi kwenye majina ya bendi za kwetu, lakini mimi nililifuata huko Harlem na kumpita mzee barabarani.

Nilimwendea Jumamosi nikiwa na kiatu kisicho na kasoro yoyote. "Shikamoo, mzee," nikamsalimu, "nasikia zamani ulipiga gitaa." Alikitazama kiatu, akanitazama mimi, akacheka. Akasema gitaa aliliuza zamani ili kulipa karo ya mtoto, na vidole vimekuwa vigumu, lakini nikipata gitaa nimletee ajaribu. Hana shida na wanafunzi, alisema, mradi waje baada ya saa kumi, wateja wakipungua.

Katika stoo ya vyombo vya muziki ya shule tuna gitaa moja. Nimeliangalia. Mbao ziko sawa, ila nyuzi mbili zimekatika. Mwalimu mlezi amekubali litoke shuleni kwa sharti kwamba mimi ndiye nitakayelibeba na kulirudisha. Nimeuliza bei ya nyuzi mjini nami nina nusu ya pesa. Atakayenisaidia na nusu iliyobaki aje anione Kidato cha Tatu, dawati la nyuma karibu na dirisha, na kama anataka, twende naye kwa mzee.